Mark Twain: Rubani wa Mto Mississippi

Jina Mark Twain halikutolewa na mzazi yeyote. Ni wito wa mabaharia. Katika meli za moshi zilizosafiri kwenye Mto Mississippi katikati ya karne ya 19, baharia mmoja alisimama mbele ya chombo akitumbukiza bildi majini, na kila alipoivuta kamba alipaza sauti kumjulisha rubani kina alichokipata. Wito huo ulimaanisha kwamba maji yalikuwa ya pima mbili, yaani futi 12. Kwa meli ya mtoni kina hicho kilitosha, japo kwa shida. Pungufu ya hapo chombo kilikaribia kukwama funguni. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye kwake pima na bildi si maneno mageni, huenda akaelewa upesi kuliko wasomaji wengine kwa nini mwandishi aliyewahi kuwa rubani alijichagulia jina la namna hiyo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri, akiwa mtoto wa sita kati ya watoto saba wa mwanasheria John Marshall Clemens na mkewe, Jane Lampton. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na utotoni aliuguaugua sana. Alipofika umri wa miaka minne familia ilihamia Hannibal, mji mdogo wenye gati ukingoni mwa Mississippi. Baba alikuwa mtu mwadilifu, mkavu wa uso, na hodari wa kujiingiza katika biashara zisizofaulu. Alifariki mwaka wa 1847 kwa ugonjwa wa mapafu, akaiachia jamaa yake uhitaji pamoja na ardhi kubwa huko Tennessee ambayo haikumtajirisha yeyote kati yao.

Missouri lilikubaliwa katika muungano wa Marekani mwaka wa 1821 likiwa jimbo la utumwa. Ng'ambo ya pili ya mto, mbele ya macho ya watoto wa Hannibal, ni Illinois, ambako utumwa haukuruhusiwa, ingawa hata huko sheria iliamuru mtoro akamatwe na kurudishwa kwa bwana wake. Neno mtoro lina historia yake katika pwani ya Kenya, ambako watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi na Lamu walijenga vijiji vyao msituni. Mtoro wa Missouri hakuwa na msitu wa kumficha kwa muda mrefu. Aidha, mto ulielekea kusini, kwenye mashamba makubwa ya pamba na miwa na kwenye masoko ya watumwa ya New Orleans. Mtumwa wa Missouri hakutishwa na jambo lolote kama habari kwamba atauzwa huko chini mtoni, kwani aliyepelekwa huko hakutarajiwa kuonana tena na mke, mume wala mtoto.

Samuel alikua ndani ya mambo hayo, na kwa miaka mingi hakuona kasoro yoyote ndani yake. Mwaka wa 1841 baba yake alikuwa mmoja wa wazee wa baraza la mahakama lililowatia hatiani wapinga utumwa watatu waliojaribu kuwashawishi watumwa wavuke mto, nao wakahukumiwa kifungo cha miaka 12. Jennie, mjakazi aliyemlea Samuel, aliuzwa familia ilipopungukiwa na fedha. Kanisani watoto walifundishwa kwamba utumwa ni mpango wa Mungu. Wakati mmoja alikuwapo nyumbani kwao mtoto mtumwa kwa jina Sandy, aliyekodishwa kwao baada ya kutenganishwa na jamaa zake huko Maryland. Sandy aliimba, akapiga mbinja na kucheka mchana kutwa hata Samuel akakasirika na kumwendea mama yake amnyamazishe. Machozi yalimlengalenga Bi. Jane. Alimweleza mwanawe kwamba mtoto yule anapoimba huenda amesahau, na anaponyamaza ndipo yeye huogopa kuwa anawakumbuka wake asiowaona tena. Clemens alilisimulia tukio hilo alipokuwa mzee mwenye mvi, na ni dhahiri kwamba lilikaa moyoni mwake muda wote huo.

Likizo alizitumia katika shamba la mjomba wake, John Quarles, karibu na Florida. Huko aliishi mtumwa wa makamo aliyejulikana kama Mjomba Daniel. Usiku, watoto weupe na weusi walikusanyika jikoni mwake kusikiliza hadithi za vizuka. Mtindo wa kusimulia ambao baadaye ulimpa Clemens umaarufu duniani, ule wa kukawia, kukatiza, kujifanya umesahau na kisha kumshtua msikilizaji mwishoni, aliusikia mara ya kwanza pale. Kwa maneno mengine, shule yake ya kwanza ya fasihi ilikuwa fasihi simulizi ya Waafrika waliotumikishwa.

Kuna kisa kingine cha Hannibal kinachostahili kukumbukwa. Katika mji huo kulikuwa na jamaa fukara mno ya Blankenship. Kijana wao Tom, aliyetembea bila viatu na bila kuonywa na yeyote, ndiye aliyempa Clemens sura ya Huckleberry Finn. Mwaka wa 1847 kaka yake Tom, aliyeitwa Bence, alimgundua mtoro aliyejificha katika kisiwa upande wa Illinois. Dau la kumkamata lilitangazwa kuwa dola 50, fedha ambazo Bence hakuwahi kuzishika maishani. Bence hakumsaliti. Kwa majuma kadhaa alimpelekea chakula kwa siri, mpaka wakata miti walipomfukuza mtu yule akazama majini. Katika mji uliojaa watu wa dini na wa sheria, mmoja wa waliofanya lililo haki alikuwa kijana aliyedharauliwa na wote.

Baada ya kifo cha baba yake, Samuel aliacha shule akawa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji. Alipanga herufi za risasi, kwanza kwa bwana mwingine na kisha katika gazeti la kaka yake Orion, ambako pia alianza kuandika vijihabari vya kuchekesha. Mwaka wa 1853 aliondoka Hannibal, akafanya kazi ya uchapaji St. Louis, New York, Philadelphia na kwingineko. Usiku alisoma katika maktaba za umma; na huenda hakuna chuo ambacho kingempa elimu pana zaidi.

Mwaka wa 1857, akiwa na ndoto ya kwenda Amazon kujitajirisha kwa biashara ya koka, alipanda meli iliyoitwa Paul Jones kuelekea New Orleans. Hakuna meli iliyokuwa ikienda Amazon. Badala yake alimsihi rubani Horace Bixby amfundishe kazi yake, na Bixby akakubali kwa ada ya dola 500. Siku hizi neno rubani humkumbusha msikilizaji ndege, lakini asili yake ni ya vyombo vya majini, na rubani wa Mississippi alikuwa bwana mkubwa katika dunia yake. Nahodha aliamuru safari ianze. Mara chombo kilipoliacha gati, sheria ilimkabidhi rubani mamlaka yote ya kukiongoza. Mshahara wake wa dola 250 kwa mwezi ulikuwa wa kuonewa wivu na watu wazima wenye elimu na vyeo.

Elimu yenyewe ilikuwa ngumu kupita kiasi. Kati ya St. Louis na New Orleans mto unapita zaidi ya maili 1,000 zenye mapindo yasiyohesabika. Mwanagenzi alitakiwa kujua kila rasi, kila fungu, kila kisiwa, kila gogo lililozama na kila mti mkavu ukingoni, akipanda na akishuka, mchana na usiku wa giza. Alipokwisha kuyaandika yote hayo katika daftari, Bixby alimfahamisha kwamba hayatoshi, kwa maana mto hubadilika. Mafuriko ya msimu mmoja huhamisha fungu, na pindo lililokuwa na urefu wa maili nyingi huweza kukatwa kwa usiku mmoja, kijiji kilichokuwa bandari kikajikuta kiko bara. Rubani aliyekariri tu aliangamiza watu. Ilimpasa aisome sura ya maji yenyewe: mkunjo mdogo juu ya uso wa mto uliashiria gogo chini yake, na mstari hafifu uliashiria fungu linalokua. Clemens alieleza baadaye kwamba kuijua lugha hiyo kulikuwa na gharama yake. Machweo ya jua mtoni, ambayo zamani yalimlevya kwa uzuri, sasa yalimwambia tu kwamba kesho kutakuwa na upepo na kwamba mto unapanda.

Alipata leseni yake mwezi wa Aprili 1859. Lakini kabla ya hapo mto ulikuwa umekwisha kumdai. Mdogo wake, Henry, alipata kazi ya ukarani katika meli ya Pennsylvania kwa msaada wake. Samuel mwenyewe alikuwa mwanagenzi humo, ila aligombana na rubani aliyemtendea Henry vibaya, akampiga, na hivyo akaachwa New Orleans safari iliyofuata. Mnamo Juni 1858 mitungi ya mvuke ya Pennsylvania ililipuka karibu na Memphis. Henry, kijana wa miaka 19, alifariki kwa majeraha ya moto baada ya siku kadhaa, kaka yake akiwa kando ya kitanda. Samuel alijilaumu maisha yake yote, kwanza kwa kumtafutia kazi ile, na pili kwa kutokuwamo chomboni.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka wa 1861, safari za kibiashara mtoni zilikoma na urubani wake ukakoma pamoja nazo. Kwa majuma mawili hivi alijiunga na kikundi cha wanamgambo wa upande wa Kusini, kisha akatoroka. Baadaye aligeuza habari hiyo kuwa kichekesho. Hata hivyo haifai kusahauliwa kwamba chaguo lake la kwanza lilikuwa upande wa wenye watumwa. Alifuatana na Orion hadi Nevada, akatafuta fedha machimboni bila mafanikio, na mwaka wa 1862 akaajiriwa na gazeti la Territorial Enterprise la Virginia City. Uandishi wake wa habari haungesifiwa na walimu wa taaluma hiyo leo. Wakati mmoja alitangaza kupatikana kwa maiti ya mtu aliyegeuka jiwe, na magazeti mengine yakaichapisha habari hiyo kana kwamba ni kweli. Tarehe 3 Februari 1863 aliweka sahihi ya Mark Twain chini ya makala kwa mara ya kwanza. Alidai kwamba jina hilo lilikuwa la nahodha mzee aliyeitwa Isaiah Sellers, ambaye alikuwa amemdhihaki gazetini. Watafiti waliopekua maandishi ya Sellers hawakulikuta.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Hadithi yake ya chura mrukaji wa California ilichapishwa New York mwaka wa 1865 na kunakiliwa na magazeti kote nchini. Mwaka wa 1866 alipelekwa Hawaii na gazeti la Sacramento Union, na mwaka wa 1867 akasafiri Ulaya na Palestina pamoja na watalii wa meli ya Quaker City, akituma barua kwa magazeti. Barua hizo ndizo zilizozaa The Innocents Abroad mwaka wa 1869, kitabu kilichomtajirisha. Bado alikuwa mchekeshaji tu. Mto alikuwa hajauandika.

Mabadiliko yalianza nyumbani. Mwaka wa 1870 alimwoa Olivia Langdon wa Elmira, jimbo la New York, binti wa jamaa iliyopinga utumwa kwa vitendo. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Frederick Douglass, mtoro aliyekuja kuwa mwanamageuzi mashuhuri. Mtu aliyelelewa Hannibal sasa alikaa meza moja na watu ambao mji wake ungewafunga miaka 12. Walimpoteza mtoto wao wa kwanza, Langdon, kwa dondakoo mwaka wa 1872. Mabinti watatu, Susy, Clara na Jean, walizaliwa kati ya mwaka huo na 1880. Makao yao yalikuwa Hartford, Connecticut, ila kila kiangazi walikwenda Quarry Farm, shamba la dada yake Olivia juu ya kilima cha Elmira.

Mpishi wa shamba hilo aliitwa Mary Ann Cord. Alikuwa mama mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na jioni moja barazani Clemens alimuuliza imekuwaje akaishi miaka yote hiyo bila kupatwa na taabu. Mama yule alimtazama, akasimama, akaanza kusimulia. Alikuwa na mume na watoto saba. Wote walipandishwa jukwaani mnadani, wakauzwa mmoja mmoja, na wa mwisho kuvutwa kutoka mikononi mwake alikuwa kitindamimba, Henry. Ilipita miaka 13 kabla ya kukutana tena naye wakati wa vita, akiwa kijana mtu mzima, akamtambua kwa kovu. Clemens aliandika masimulizi hayo kwa kadiri alivyoyasikia, katika Kiingereza kile kile cha mama yule, akajiweka yeye mwenyewe pembeni kama msikilizaji aliyeuliza swali la kipumbavu. Jarida la Atlantic Monthly, likihaririwa na rafiki yake William Dean Howells, lilichapisha hadithi hiyo, A True Story, mnamo Novemba 1874. Ilikuwa kazi yake ya kwanza katika jarida lililoheshimiwa kuliko yote nchini, na haikuwa kichekesho. Inawezekana kusema kwamba mwandishi mkubwa alizaliwa pale barazani, kwa sababu pale ndipo alipogundua kwamba usemi wa mtu aliyedharauliwa unaweza kubeba msiba mzima bila kuhitaji kusafishwa.

Ni katika miezi hiyo hiyo alipougeukia mto. Mwaka wa 1875 Atlantic Monthly ilitoa kwa mfululizo kumbukumbu zake za unagenzi chini ya Bixby, Old Times on the Mississippi. Mwaka wa 1876 riwaya ya The Adventures of Tom Sawyer ilitoka, na kiangazi cha mwaka huo akaanza masimulizi ya rafiki yake Tom, Huckleberry Finn. Katika masimulizi hayo Huck, anayemkimbia baba mlevi, na Jim, mtumwa aliyetoroka baada ya kusikia atauzwa New Orleans, wanasafiri pamoja juu ya chelezo. Shabaha yao ni Cairo, mahali Mto Ohio unapoungana na Mississippi, ili waelekee majimbo yasiyo na utumwa. Usiku, katika ukungu, wanaipita Cairo bila kujua. Tangu hapo kila maili inampeleka Jim kule kule alikokuwa akikukimbia. Muda si muda meli ya moshi inakivunja chelezo, na hapo karibu Clemens aliweka kalamu chini. Hakujua aendelee vipi. Mto aliouonea fahari ulikuwa ukitiririka kuelekea sokoni, na kitabu cha utoto wenye furaha kisingeweza kuyameza maji hayo.

Mnamo Aprili 1882, baada ya miaka 21, alirudi Mississippi akiwa na mchapishaji wake na mwandishi wa hatimkato. Alitumia jina la bandia ili watu wasizungumze kwa tahadhari, lakini alitambuliwa mapema. Alichokikuta kilimsikitisha. Gatini St. Louis, ambako zamani meli zilibanana, zilikuwapo chache zilizolala. Reli ilikuwa imewachukua abiria, na matishari yaliyokokotwa kwa pamoja yalikuwa yamechukua mizigo. Serikali ilikuwa imeweka taa kwenye kingo na kuondoa magogo, hivyo elimu iliyomgharimu dola 500 na usingizi wa miaka miwili ikawa karibu haina kazi. Mji wa Napoleon, Arkansas, ulikuwa umesombwa na maji. Tume ya serikali iliyoundwa mwaka wa 1879 ilikuwa ikipanga kuuzuia mto ndani ya kingo zake, mpango ambao rubani huyu mstaafu aliutilia shaka kubwa. Alimkuta Bixby bado yupo kazini, sasa akiwa nahodha wa City of Baton Rouge, akasafiri naye. Akakaa siku tatu Hannibal, akiulizia marafiki wa utotoni na kuonyeshwa makaburi.

Life on the Mississippi ilichapishwa mwaka wa 1883. Ni kitabu kisicholingana. Sehemu ya kwanza, iliyotokana na makala za 1875, haina mfano katika fasihi ya mito. Sehemu ya pili imejazwa takwimu, maneno ya wasafiri wengine na visa vilivyookotwa, kwa vile kitabu kilichouzwa nyumba kwa nyumba kilitakiwa kuwa kinene. Lakini hata humo kuna hazina: namna watu wa Kusini walivyohesabu kila tukio kwa kutumia vita, mitaa ya New Orleans, misemo ya majimbo mbalimbali, na lawama zake kali kwa riwaya za Walter Scott, ambazo kwa maoni yake ziliwalevya watu wa Kusini kwa ndoto za umwinyi hata wakaingia vitani.

Safari hiyo ilikifungua kile kilichofungwa. Kiangazi cha 1883 alikamilisha Adventures of Huckleberry Finn, kikatoka Uingereza na Kanada Desemba 1884, na Marekani Februari 1885. Kiini chake ni saa ambayo Huck, akiamini kwa dhati mafundisho ya kanisa na sheria, anaandika barua ya kumsaliti Jim, kisha anaichana, akiwa na yakini kwamba kwa kufanya hivyo amejitia motoni. Bence Blankenship alikuwa amepata kitabu chake. Masimulizi yote yanatoka kinywani mwa Huck, katika Kiingereza cha mtoto asiye na elimu, na Clemens alitanguliza ilani kwamba lahaja kadhaa za humo zimetofautishwa kwa makusudi na kwa uangalifu. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea mjadala juu ya nafasi ya Kimvita na Kiamu kando ya Kiswahili Sanifu ataona ukubwa wa hatua hiyo: kabla yake lahaja zilikuwa za vichekesho na za wahusika wadogo, na sasa moja wapo ikabeba riwaya nzima. Mwaka wa 1993 mtafiti Shelley Fisher Fishkin alionyesha kwamba sauti ya Huck inadaiwa mengi na mtoto mweusi ambaye Clemens aliandika habari zake gazetini mwaka wa 1874.

Maktaba ya umma ya Concord, Massachusetts, ilikipiga marufuku kitabu hicho mwezi mmoja tu baada ya kutoka Marekani, ikikiona cha kihuni. Malalamiko ya baadaye yana uzito zaidi. Neno la matusi wanaloitwa watu weusi limerudiwa humo zaidi ya mara 200, na wazazi wengi weusi hawakuona sababu ya watoto wao kulisikiliza darasani. Tena, sura za mwisho, ambamo Tom Sawyer anaufanya ukombozi wa Jim kuwa mchezo ilhali anajua tayari ameachwa huru, zinamshusha Jim kutoka mtu mzima hadi kikaragosi. Ni kasoro kubwa, na hoja kwamba Clemens alikusudia kejeli haiifuti. Percival Everett alimpa Jim nafasi ya kusimulia mwenyewe katika riwaya ya James mwaka wa 2024. Clemens aliendelea kulichimba jambo hilo katika Pudd'nhead Wilson mwaka wa 1894, ambamo mjakazi anabadilisha watoto kitandani ili wa kwake asiuzwe chini mtoni. Na nje ya vitabu, tangu mwaka wa 1885 alimlipia gharama za masomo Warner McGuinn, mwanafunzi mweusi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale.

Biashara alirithi kwa baba yake. Alizama katika mashine ya kupanga herufi ambayo haikufanya kazi ipasavyo, na mwaka wa 1894 kampuni yake ya uchapishaji ikafilisika. Ili alipe madeni yote alizunguka dunia mwaka wa 1895 na 1896 akitoa mihadhara, kutoka Australia hadi India na Afrika Kusini. Safari hiyo ilipita Mauritius na Ghuba ya Delagoa, Msumbiji, lakini haikufika Mombasa wala Unguja. Ilipomalizika tu, Susy alifariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 24, baba yake akiwa Uingereza. Olivia alimfuata mwaka wa 1904.

Mwaka uliofuata aliandika juu ya nchi ya mto mwingine. Alikuwa akifahamiana na Henry Morton Stanley tangu mwaka wa 1867, Stanley alipokuwa ripota wa St. Louis, na mwaka wa 1886 alimtambulisha kwa sifa nyingi mbele ya hadhira ya Boston. Stanley ndiye aliyemfungulia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji njia ya Mto Kongo; na ni Leopold aliyempa Tippu Tip wa Unguja ugavana wa Stanley Falls mwaka wa 1887, huko juu ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika na misafara. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 ilijulikana kwamba wanakijiji wa Kongo walikatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira. King Leopold's Soliloquy, kijitabu cha 1905, kiliandikwa kwa umbo la uzungumzinafsi: mfalme anawalaani wamisionari, waandishi na zaidi ya wote kamera, shahidi pekee ambaye hakuweza kumhonga. Picha za waliokatwa mikono zilichapishwa humo. Clemens alikataa mrabaha, mapato yote yakaenda kwa wapigania mageuzi ya Kongo. Mwaka wa 1908 serikali ya Ubelgiji ilimnyang'anya Leopold koloni lake.

Jean alifariki mkesha wa Krismasi wa 1909. Mwaka ambao Clemens alizaliwa, nyota ya mkia iitwayo Halley ilionekana angani, naye alikuwa akitabiri kwamba ataondoka itakaporudi. Alifariki tarehe 21 Aprili 1910 nyumbani kwake Redding, Connecticut, siku moja baada ya nyota hiyo kulikaribia jua. Alizikwa Elmira pamoja na mkewe na watoto wao. Mwaka wa 1937 Clara, binti pekee aliyebaki, alisimamisha mnara kaburini. Una urefu wa futi 12, yaani pima mbili.